Bi Harusi, Kiwanja na Njia ya Maji

Sisi kazi yetu ni cherehani. Tunashona magauni ya nikahi, shela, mashuka na foronya za chumba cha maharusi, na mapazia ya nyumba nzima. Wateja wetu wengine wako huko huko visiwani, tunapokea vipimo kwa simu na mzigo tunautuma kwa basi mpaka Dar, kisha boti. Kwa hiyo tunajua vipimo vya nyumba nyingi ambazo hatujawahi kuingia. Tunajua dirisha la sebuleni lina upana gani, tunajua mlango wa chumbani unafungukia upande upi. Na tumegundua jambo moja: bi harusi anaweza kujua rangi ya pazia miezi sita kabla, na rangi ya zulia lifanane na pazia, lakini nyumba yenyewe imejengwa juu ya nini, hajui. Wala hajauliza. Ndiyo maana leo tumeweka mkasi pembeni, tuzungumze habari za zamani za nyumba na maji.

Mtasema, Malolo na bahari wapi na wapi? Malolo yetu iko bara, wilaya ya Kilosa, upande wa Mikumi, karibu na Ruaha Mbuyuni. Sisi ni watu wa vitunguu, na skimu ya umwagiliaji ya Mwega ndiyo inayotulisha. Lakini maji hayajui mipaka ya wilaya. Maji ya bonde letu yanaishia Ruaha Mkuu, Ruaha Mkuu unaishia Rufiji, na Rufiji unaingia baharini ukiitazama Mafia. Upande wa pili wa wilaya yetu hiyo hiyo, Mto Mkondoa unapita Kilosa mjini, unateremka uwanda wa Mkata, unakuwa Wami, na Wami unamwaga baharini mbele ya Unguja. Wilaya moja ina milango miwili ya kutokea baharini. Matope ya mashamba yetu mnayaona nyinyi visiwani bahari ikichafuka wakati wa masika.

Tuanze na huo mlango wa Mkondoa, kwa kuwa ndio uliotufundisha.

Kilosa ulikuwa mji wa misafara kabla haujawa mji wa reli. Wapagazi waliokuwa wakitoka pwani kwenda Ugogo na Unyanyembe walipita bonde hili kwa sababu kuna maji na kuna chakula. Wajerumani walipojenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, kazi ikaanza 1905, wakafika Kilosa 1909, na kutoka hapo reli ikaendelea kuufuata mto, ikipita kwenye bonde la Mkondoa kuelekea Gulwe na Dodoma. Kufuata mto kulikuwa rahisi, maana mto umeshachimba njia katikati ya milima. Ila aliyechimba njia ndiye mwenye njia. Tangu wakati huo mpaka wakati wetu, karibu kila masika makubwa kipande cha Kilosa na Gulwe kinakatika: tuta linasombwa, daraja linapinda, abiria wanalala stesheni.

Mji nao ukakua kandokando ya mto, stesheni, soko, nyumba. Likawekwa tuta la kuuzuia mto, tangu wakati wa ukoloni, na tuta lile likawafanya watu wasahau. Hii ndiyo tabia ya tuta. Mwaka wa kwanza unaliangalia kila siku, mwaka wa kumi unapita juu yake ukienda sokoni, mwaka wa hamsini mtu analima pembeni yake, mwingine anachota udongo wa matofali, ng'ombe wanashuka kunywa maji hapo hapo. Chini ya tuta watu wanauziana viwanja. Na huku milimani misitu inafyekwa, mchanga unateremka, mto unajaa mchanga na kina chake kinapungua. Tuta halijaongezeka kimo, lakini mto umepanda.

Mwisho wa Desemba 2009, mvua kubwa ikanyesha kuelekea mwaka mpya. Tuta likapasuka. Zaidi ya watu 20,000 wilayani walikosa makazi, reli ikafumuliwa kiasi kwamba treni ya kati ilisimama kwa miezi, na mahema yakapigwa. Wengi wetu tunajua watu waliokaa mle. Hema si la wiki mbili. Kuna waliokaa miaka. Fikiria mwanamke wa stara aliyekuwa na ua wake, choo chake cha uani, mlango wa kufunga, sasa anatengwa na jirani kwa turubai. Kuna wasichana walioposwa wakiwa hemani na kutolewa hemani, mwali akifichwa kwa kanga mbili zilizounganishwa, na shoga zake wanapiga kigelegele kwa sauti ya chini kwa kuwa hema la tatu lina msiba. Januari 2014 maji yakarudi tena wilayani kwetu, safari hii upande wa Magole, Dumila na Mateteni, yakavunja daraja kwenye barabara kuu ya Morogoro na Dodoma.

Wasomaji wa Qur'ani hapa mtakuwa mmeshakumbuka watu wa Sabaa na bwawa lao lililopasuka, bustani zao mbili zikageuka vichaka. Hatutaki kumfananisha mtu wa Kilosa na wale katika kukufuru, la. Tunasema tu kwamba habari ya ukuta wa maji unaotegemewa mpaka unasahauliwa ni ya zamani sana, na tumekuwa tukiisoma misikitini bila kuitazama dirishani.

Jambo moja la kuangalia. Reli mpya ya SGR iliyoanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024 haikurudia kosa la 1909. Kilosa wameitoboa milima, mahandaki manne, reli ikaachana na mto. Reli ilihamishwa. Nyumba nyingi ziko pale pale.

Sasa mlango wa pili, Rufiji, ambao una historia ndefu zaidi na kwetu sisi ndiyo tamu zaidi.

Nenda leo Mji Mkongwe, Unguja, uingie nyumba yoyote ya zamani ya mawe. Utaona chumba ni kirefu lakini chembamba, upana wake kama mita tatu tu, mara nyingi hazifiki. Sisi washonaji tunajua kwa sababu zulia la duka halikai vizuri mle, lazima likatwe. Wembamba ule si mapambo. Dari lilibebwa na boriti, na boriti ni mti wa mkoko, na mkoko ulionyooka na kuweza kubeba dari la mawe na chokaa hauwi mrefu zaidi ya hapo. Urefu wa mti ndio uliopima chumba cha bibi zetu. Na mikoko mingi ilitoka delta ya Rufiji, msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote pwani ya Afrika Mashariki. Majahazi yalipakia boriti huko, mengine yakaja Unguja, mengine yakavuka na kusi mpaka Uarabuni na Ghuba ambako miti ya kujengea ilikuwa adimu. Wajerumani waliona faida hiyo mapema, wakaweka usimamizi wa misitu ya delta tangu 1898 ili wao ndio wauze. Kwa hiyo dada uliyevishwa hina chini ya dari la boriti Shangani au Malindi, umevishwa chini ya msitu wa Rufiji.

Na mkoko, kama mnavyojua nyinyi wa pwani kutuzidi, ndio unaoshika matope na kuvunja nguvu ya wimbi. Mti ule ule unaokinga nyumba ukiwa umesimama ndio unaojenga nyumba ukikatwa.

Nyuma ya delta, bondeni, Warufiji waliishi kwa namna ambayo mtu wa mjini akiambiwa atacheka. Mto ulitarajiwa ufurike. Mafuriko ya kiasi yalikuwa ndiyo mbolea, yanaacha udongo mweusi wenye unyevu, na maji yakishuka wanawake kwa wanaume wanapanda mahindi, kunde na pamba juu ya unyevu ule bila kungoja mvua. Kilimo hicho wanakiita mlau. Nyumba zilitawanyika juu ya vinundu vya ardhi iliyoinuka, si bondeni kwenyewe. Shambani walijenga dungu, kibanda juu ya miguu mirefu ya miti, wanalala humo kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe, na mto ukija chini wao wako juu. Mtumbwi ulifungwa karibu. Vifaa vilikuwa vyepesi: miti, fito, udongo, makuti. Maji yakichukua ukuta, ukuta unakandikwa upya wiki ijayo. Hakuna aliyezika akiba ya maisha yake yote katika matofali ya saruji mahali ambapo mto hulala.

Hatusemi maisha yale yalikuwa mepesi. Mto ukizidi kiasi, njaa ilifuata. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1968 mafuriko makubwa yalipoharibu mashamba, na serikali, mwaka mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, ikaona nafasi. Ikaja Operesheni Rufiji ya 1968 na 1969. Watu wa bondeni wakahamishiwa vijiji vya juu, mbali na mto, na wengi wakakuta ndiyo mwanzo wa vijiji vya ujamaa. Kwa upande wa usalama, waliohamisha walikuwa na hoja, nyumba za juu hazikuloa. Lakini shamba lilibaki bondeni. Mwanamke aliyekuwa akitoka mlangoni na jembe akajikuta anatembea masaa kwenda na masaa kurudi, na akiondoka jioni nguruwe na nyani wanaingia. Basi ikawa msimu wa kilimo familia zinarudi kwenye madungu, watoto wa shule wanabaki kijijini na bibi, na nyumba inakuwa mbili. Miaka ikapita, nyumba za bondeni zikaanza kuwa za kudumu tena, na safari hii si za fito. Ni za tofali na bati, kwa sababu kila mtu siku hizi anataka tofali na bati, na bi harusi ndiye wa kwanza kutaka. Tuseme kweli.

Halafu ikaja masika ya 2024, mwaka wa El Nino. Aprili ile Rufiji na Kibiti zilijaa maji, vijiji kama Muhoro vikazama, mashamba yakaenda. Waziri Mkuu aliliambia Bunge mwishoni mwa Aprili kwamba nchi nzima watu 155 walikuwa wamefariki kwa mvua zile na watu kama 200,000 wameathirika. Maneno yakawa mengi kuhusu Bwawa la Nyerere, ambalo lilikuwa limeanza tu kuzalisha umeme Februari. Wananchi wengine walisema maji yaliyofunguliwa bwawani ndiyo yaliyowazamisha, wenye bwawa wakasema bila bwawa ingekuwa vibaya zaidi. Sisi tunachokiona ni hiki: ile hesabu ya wazee, ya kujua mto utapanda mwezi gani na kiasi gani, imekuwa ngumu. Na wiki mbili tu hazijaisha, tarehe 4 Mei, kimbunga Hidaya kikapiga Mafia. Wazee wa Unguja huzungumza habari ya kimbunga cha Aprili 1872 kilichong'oa mikarafuu na kuvunja majahazi bandarini wakati wa Sayyid Barghash. Vimbunga kwetu ni nadra, lakini havikuanza leo.

Chini ya yote haya bahari yenyewe inapanda. Wataalamu wa dunia wanasema kati ya 1901 na 2018 kimo cha bahari kimeongezeka kama sentimita 20. Kwa fundi cherehani sentimita 20 ni pindo la gauni, mtu anaweza kudharau. Lakini pwani tambarare sentimita 20 kwenda juu ni hatua nyingi kwenda ndani, na maji ya bamvua yanaanzia hapo. Delta ya Rufiji chumvi inaingia kwenye mpunga. Kisiwa Panza, Pemba, bahari iliingia mashambani mpaka ikajengwa kinga. Dar es Salaam ukuta wa barabara ya baharini, ambayo sasa ni Barack Obama, ulikuwa unabomoka, ukajengwa upya, na Kigamboni ukajengwa mwingine. Pangani walikuwa na kisiwa kizima, Maziwe, chenye mivinje, kasa wakitaga mayai. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa.

Na nyinyi wa Unguja msituone sisi wa bondeni ndio wajinga. Jina la Darajani limetoka wapi, kama si daraja? Pale palikuwa na mkono wa bahari, Pwani ya Funguni, uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, maji yakijaa mji unakuwa karibu kisiwa. Ulizibwa kidogo kidogo katika miaka ya Waingereza, ukamalizika miaka ya 1950, na juu yake zikapita barabara na biashara. Wanaojiuliza kwa nini mvua kubwa ikikutana na bamvua sehemu zile zinashindwa kutoa maji, jibu liko katika jina. Majina ya mitaa yetu mengi ni rekodi, ukisikia mtaa unaitwa Ziwa, Bwawani, Mtoni, Jangwani, mtu wa kwanza kuupa jina alikuwa anakwambia kitu.

Jangwani ya Dar ni somo peke yake. Bonde la Msimbazi lilitajwa kuwa eneo la hatari, lisijengwe, katika ramani ya mipango miji ya mwaka 1979. Watu wakajenga. Hawakuwa wapumbavu, kiwanja cha Msimbazi kilikuwa karibu na Kariakoo na bei yake mtu wa kipato kidogo aliiweza. Mama muuza vitumbua hawezi kuishi kilomita 30 kutoka kwa wateja wake. Desemba 2011 ikanyesha mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana tangu 1954, wakafa zaidi ya watu 40, na waliookolewa wakapewa viwanja Mabwepande. Mabwepande palikuwa pori na mbali na soko, na wengine wakarudi Jangwani. Desemba 2015 zikaja alama nyekundu za X kwenye kuta, kisha bomobomoa. Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde lile, uliopitishwa 2022 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na fedha za Hispania na Uholanzi, wa kulipa watu wahame na kulifanya bonde liwe la maji na bustani. Miaka zaidi ya 40 kutoka ramani ile.

Sasa tunarudi kwako, bi harusi, kwa sababu katika historia yote hii kuna kitu hakiandikwi sana. Nyumba ikizama, kinachozama ni vitu vya mwanamke. Kitanda, kabati, vyombo vya udongo na vya kioo, masufuria, kasha la kanga, ushungi wa hariri, cherehani. Mume anaweza kuwa kazini, ng'ombe wanaweza kuswagwa kilimani. Kabati halikimbii. Vitu vile ndivyo ulivyotoka navyo kwenu, vingine ni mahari yako mwenyewe uliyoigeuza samani. Na makazi, kama masheikh wetu wanavyotufundisha kila siku ya semina za ndoa, ni haki ya mke juu ya mume. Haki ya makazi haitimii kwa kuta na bati tu ikiwa kuta zenyewe zimesimama kwenye njia ya mto. Kumuuliza mchumba habari ya kiwanja si tamaa na si kukosa adabu. Kama unaona haya, na wengi tunaona haya, mwambie shangazi au kaka aliyekuja na washenga aulize pale pale mahari yanapozungumzwa.

Aulize nini? Kwanza umbali. Bara sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufukwe wa bahari, na aliyeuziwa ndani ya hapo anaweza kubomolewa. Asiridhike na maneno ya dalali, aende kwa mjumbe, na visiwani kwa sheha, akutane na bibi mkubwa kuliko wote mtaani, maana mabibi hukumbuka maji yalifika wapi mwaka gani na nani alizaliwa siku ile. Aangalie kuta za nyumba za jirani kama zina mstari wa tope. Aonje maji ya kisima: kama wenyeji wanasema zamani yalikuwa matamu na sasa yana chumvi, bahari imeshapita chini ya msingi. Aende kiwanjani siku ya bamvua, si siku ya maji mafu, na aende masika, si Julai wakati kila kiwanja ni kizuri.

Mteja wetu mmoja wa Mafia alituagiza mapazia mwaka juzi, kisha akatupigia tusikate kwanza. Kaka yake alikuwa ameenda kuona kiwanja siku ya bamvua. Harusi ilisogezwa miezi minne, mchumba akauza pale, akanunua pengine, padogo zaidi, juu kidogo, karibu na minazi ya zamani. Madirisha ya nyumba mpya yakawa mafupi. Tulipunguza pindo.